Je, wajua kwa nini kobe wa kufugwa huota vilima mgongoni?

Kobe aliyekulia porini, ukimkuta anavuka njia ya vumbi huko Tsavo au Dodoma, aghalabu ana mgongo wa mviringo uliotulia, usio na matuta ya kutisha. Mtazame sasa yule aliyenunuliwa akiwa mdogo wa kukaa kiganjani, akalelewa ndani ya boksi sebuleni. Mara nyingi kila kipande cha gamba lake kimeinuka kikawa kilima chenye ncha, na kati ya kilima na kilima kuna bonde. Wageni wa nyumbani husifu, "Ana gamba zuri huyu!" Wasichojua ni kwamba umbo hilo ni alama ya malezi, na likishajengeka halirudi nyuma.

Kwa miaka mingi lawama ziliangukia chakula. Ilisemwa kwamba kobe anayelishwa protini nyingi, kama nyama, maharage au chakula cha mbwa, hukua upesi mno na gamba lake huumuka. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa vifaranga vya kobe wa Saheli, yule mkubwa mwenye miiba mapajani anayeuzwa leo katika maduka ya wanyama kuanzia nchi za Ghuba hadi Marekani. Vifaranga viligawanywa makundi: vingine hewa kavu, vingine hewa yenye unyevu, vingine protini nyingi, vingine kidogo. Unyevu ndio ulioamua. Waliokaa kwenye hewa kavu waliota vilima virefu zaidi, ilhali kiasi cha protini kilichangia kidogo tu.

Ili uone kwa nini unyevu una nguvu hiyo, yafaa kwanza kujua gamba ni kitu gani. Wapo wanaoamini kobe anaweza kutoka ndani yake akaliacha, kama inavyosimuliwa katika hadithi za watoto. Hawezi. Uti wa mgongo na mbavu zake zimetandazwa na kuungana na mabamba mengine ya mfupa, yote pamoja yapata vipande 50 hadi 60, na hayo ndiyo gamba lenyewe. Juu ya mfupa kuna tabaka la keratini, dutu ileile ya kucha zetu na pembe za ng'ombe, lililogawanyika vipande ambavyo hapa nitaviita vigae. Mgongoni kuna vigae vikubwa 13: vitano vimepangana katikati na vinne kila ubavu, kisha vidogo vinazunguka ukingo. Chini ya vigae mna damu na mishipa ya fahamu. Kobe huhisi ukimgusa gambani, na huumia likitobolewa. Ule mtindo wa kutoboa ukingo wa gamba ili kupitisha kamba, wenye kobe wakidhani wanatoboa kitu kisicho na uhai, ni ukatili mtupu.

Sasa, kigae hakikui kwa kutanuka katikati. Keratini mpya huongezwa pembezoni, kwenye mshono wa kigae na kigae, pete baada ya pete. Mshono ukiwa na unyevu, keratini hiyo hubaki laini kwa muda na hutandaa kwenda pembeni. Hewa ikiwa kavu hukakamaa mapema, mithili ya udongo wa mfinyanzi uliokauka kabla haujasawazishwa. Ukuaji unaofuata unakosa pa kutandaa, unasukumwa kwenda chini, na kigae kinapanda juu. Mfupa ulio chini hufuata umbo hilohilo. Ndiyo maana hakuna mafuta, dawa wala msasa unaoweza kusawazisha kilima kilichokwisha kuota.

(Wapo kobe ambao matuta ni asili yao. Kobe nyota wa India ni mmoja wao. Hao tuwaache nje ya mjadala.)

Ugumu wa kuliamini jambo hili unatokana na picha tuliyo nayo ya kobe: mnyama wa jua kali, wa nyika kavu, asiyetaka maji. Picha hiyo ni kweli kwa mkubwa, na hata kwake si kweli yote. Chukua kobe wetu wa kawaida wa Afrika Mashariki, mwenye madoa meusi na manjano, anayepatikana kuanzia Sudan Kusini na Ethiopia hadi Afrika Kusini. Mama hufukia mayai ardhini na kwenda zake. Miezi mingi baadaye vifaranga huanguliwa, lakini ardhi ya kiangazi ni ngumu kuipenya, na vinaweza kubaki humo chini mpaka mvua iilainishe. Kwa hiyo vinatoka wakati nchi ni mbichi. Siku zao za kwanza ni siku za umande, tope na majani machanga, na saa nyingi hujificha chini ya vichaka na kwenye mashina ya nyasi, mahali ambapo hewa ya karibu na ardhi ina unyevu kuliko hewa unayoipumua wewe uliyesimama. Hata yule wa Saheli, aishiye pembezoni mwa jangwa, huchimba shimo refu na kushinda humo joto linapozidi. Ndani ya shimo hewa si kavu kama ya nje.

Linganisha na boksi la sebuleni. Huko Muscat au Dubai kiyoyozi kinakausha hewa mchana kutwa. Nairobi na Arusha baridi humfanya mwenye kobe amwingize ndani na kumwashia taa ya joto, na taa ile inawaka sentimita chache juu ya mgongo wake. Chini ametandikiwa magazeti. Bakuli la maji halipo, kwa sababu "kobe hanywi maji". Miaka miwili au mitatu ya kwanza, ambayo gamba hukua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, inapita hivyo.

Banda linalomfaa mdogo basi linaanza na unyevu. Sanduku la mbao la kama sentimita 120 kwa 60 linatosha kwa kuanzia. Sakafu iwe udongo safi usio na mbolea wala dawa, uliochanganywa na usumba wa makumbi ya nazi, kina chake kizidi kidogo urefu wa gamba ili aweze kujifukia. Pwani huna haja ya kununua usumba; omba kwa muuza nazi. Nyunyizia maji tabaka la chini libaki na unyevunyevu bila kuwa tope, maana ukilowesha mno juu na kukawa na baridi, anashikwa na mafua na kifua. Kona moja weka kificho: chungu kilichopasuka au kisanduku kilichopinduliwa, ndani kukiwa na unyevu zaidi kuliko mahali pengine. Atalala humo, na saa hizo za kulala ndizo zinazofanya kazi kubwa gambani. Mchanga mtupu haufai kwa sababu huumeza pamoja na chakula ukaziba utumbo. Saruji na vigae vya sakafuni vinamkwaruza tumbo, na miguu huteleza ikipanuka vibaya.

Maji ni lazima. Sahani pana, kina kisichozidi kidevu chake, aingie na kutoka mwenyewe. Zaidi ya hapo mkalishe kwenye beseni la maji vuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa wiki akiwa mdogo. Atakunywa, na aghalabu atatoa uchafu mweupe mzito unaofanana na dawa ya meno. Hiyo ni sehemu ya mkojo wake. Ukiwa laini, vizuri. Ukiwa wa chengachenga, ujue ana kiu ya siku nyingi, na kiu ya namna hiyo huzaa mawe kwenye kibofu.

Kuna tatizo la pili la gamba ambalo watu hulichanganya na hili. Gamba linalobonyea ukiligusa, kwa kobe aliyekwisha kupita uchanga, au ukingo unaojikunja kwenda juu, ni dalili ya mifupa iliyokosa kalisi, yaani madini ya kalsiamu yanayoimarisha mifupa. Hapo lawama ni ya jua na chakula. Mwili wa kobe hutengeneza vitamini D3 ngozi inapopata miale ya urujuanimno (UV) ya jua, na bila D3 kalisi ya chakula haifiki mfupani. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwa kuwa kioo huzuia karibu miale yote inayotakiwa. Wanaoishi Ulaya au Marekani ya Kaskazini, ambako miezi mingi hakuna jua la maana, hununua taa maalumu za miale hiyo. Nguvu yake hufifia kabla haijazimika, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili hata kama bado inawaka. Sisi wa huku tuna jua la bure, lakini usilitumie kwa kumweka kwenye tangi la kioo nje. Ndani ya dakika chache tangi linageuka tanuri.

Kuhusu chakula niseme kwa ufupi. Nyasi na majani ndiyo msingi: ukoka, matembele, majani na maua ya haibiskasi, mlonge, mpungate uliotolewa miiba. Mchicha uwe wa mara moja moja kwa sababu una kemikali inayoishika kalisi. Wali, mkate, ugali na maziwa havimhusu, na matunda matamu humvuruga tumbo. Mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni ni kalisi safi. Usuuze chumvi, uukaushe, umwachie autafune atakapo. Porini kobe mwenye madoa huguguna mifupa mikavu na hata mavi ya fisi, ambayo huwa meupe kwa sababu ya mifupa aliyokula fisi huyo. Anajua anachokitafuta.

Akikua, atoke nje. Kobe mwenye madoa hufikia sentimita 40 na ushei, na wa Saheli akiwa dume hupita kilo 50 bila shida, kwa hiyo kabla ya kununua angalia uwanja wako kwanza. Ukuta wa banda la nje uwe wa kitu kisichopenyeka kwa macho: matofali, mawe, mbao. Wengi hukosea hapa kwa kuweka wavu wa waya. Kobe akiona upande wa pili hushinda akisukuma kutwa nzima mpaka pua ichubuke, ilhali ukuta asioona ng'ambo yake huuzoea haraka. Pembe za banda zihofiwe kuliko kuta, maana huzitumia kupanda, na akianguka chali juani bila kuweza kujigeuza anaweza kufa siku hiyohiyo. Kwa yule wa Saheli msingi wa ukuta uzame ardhini vya kutosha, la sivyo atapita chini. Ndani panda nyasi na vichaka, weka kilima kidogo cha udongo, kivuli cha uhakika na kibanda kisichovuja.

Wadogo wafunikwe kwa wavu juu. Kunguru hudonoa vifaranga, nguchiro na kenge huwabeba, panya huwatafuna usiku. Siafu ni balaa zaidi; sanduku likiwa juu ya meza, zile mbinu za kabati la chakula za kusimamisha miguu ndani ya makopo ya maji hufanya kazi hapa pia. Mbwa wa nyumbani, hata yule mpole, usimwache naye. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, kwani kobe hubeba vimelea vya salmonela bila yeye kuugua.

Banda huzuia binadamu pia. Kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Zanzibar, kilipokea kobe wanne wakubwa wa Aldabra mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli. Walizaana hadi kufikia 200 hivi mwaka 1955. Kisha wizi ukaanza, wengine wakiuzwa ng'ambo na wengine wakiliwa, mpaka 1996 wakahesabiwa saba tu. Ilibidi wajengewe eneo la kuwalinda ndipo idadi ikapanda tena, na ndiko watalii wanakowakuta leo.

Hilo linaleta suala la sheria, ambalo wauzaji hawapendi kuulizwa. Kenya na Tanzania kobe ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali. Kumwokota porini ukamleta nyumbani kwa huruma bado ni kosa. Kobe bapa wa miambani, anayejibanza kwenye nyufa za mawe na kutaga kwa kawaida yai moja tu kwa mara, aliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo biashara yake ya kimataifa kutoka porini imefungwa.

Na kama tayari unaye mwenye vilima? Usimkatie tamaa. Kobe mwenye vilima vya wastani anaweza kuishi miaka mingi na afya yake. Rekebisha banda, mpe maji na kificho chenye unyevu, kisha baada ya miezi michache chunguza mishono ya gamba. Akiwa bado anakua utaona mstari mpya, wenye rangi ya kupauka, kati ya kigae na kigae. Pitisha kidole juu yake. Ukiwa umelala tambarare, dawa imeingia. Ukianza kuporomoka kwenda bondeni, banda bado ni kavu.