Usimamizi shirikishi wa uvuvi ziwani ni nini?

Ni utaratibu ambao serikali na jamii za mialoni, yaani sehemu za ufukweni ambako mitumbwi hushusha samaki, hugawana kazi ya kulinda samaki wa ziwa, pamoja na mamlaka ya kuamua. Hilo la mamlaka ndilo linalosahaulika upesi. Kuwaita wavuvi mkutanoni, kuwasomea kanuni na kuwapa karatasi ya mahudhurio wasaini hakutoshi.

Ziwa Victoria ni mfano mzuri. Lina mialo zaidi ya 1,000 katika nchi 3, na hakuna idadi ya maafisa uvuvi inayoweza kuifikia yote. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilianza kuunda vikundi vya wavuvi vinavyojulikana kama BMU (Beach Management Units, yaani vikundi vya kusimamia mwalo). Kenya na Uganda nazo zikaviwekea kanuni miaka ya 2000. Kamati ya BMU huchaguliwa na watu wa mwalo wenyewe: wenye mitumbwi, wanaoajiriwa kuvua, wachuuzi, wanaokausha dagaa. Huandikisha mitumbwi, huhesabu samaki wanaoshushwa na hufanya doria. Sheria, utafiti na mashtaka hubaki kwa serikali.

Chukua kokoro. Wavu huu huzungushwa majini kwa mtumbwi, kisha watu huukokota hadi ufukweni, nao hupita juu ya mazalia ya sato na kusomba hadi vichanga. Afisa kutoka wilayani anaweza kuzunguka wiki nzima asiuone. Watu wa mwalo wanajua ni wa nani, unafichwa wapi na hutoka saa ngapi usiku. Ujuzi huo hauna mbadala.

Tatizo ni kwamba mwenye kokoro huenda ni shemeji yake mwenyekiti, au ndiye anayewakopesha nusu ya wajumbe. Doria nayo inataka mafuta ya boti, na BMU nyingi hazina mapato ya uhakika. Mara nyingi serikali hukabidhi kazi ya kukamata, ikabaki na ushuru na maamuzi. Kwa maoni yangu, hapo wavuvi wamegeuzwa mgambo wasiolipwa.

Mamlaka iliyokabidhiwa pia hunyang'anyika. Nchini Uganda, Rais Museveni alisimamisha BMU mwaka 2015, na mwaka 2017 jeshi likapewa kazi ya kupambana na uvuvi haramu.