Je, wajua kwa nini goti bandia lililowekwa vizuri bado linaweza kuwaka moto?

Eksirei inaonyesha chuma kimekaa sawasawa. Vipimo vya damu havina dalili ya maambukizi. Hata hivyo, shuka likigusa goti usiku, mgonjwa anaruka. Chuma na plastiki haviumi. Kinachouma huenda ni neva ya ngozi.

Tawi dogo la neva ya safena, inayoshuka upande wa ndani wa mguu, hutoka upande wa ndani wa goti, likapita chini ya pia ya goti kuelekea nje. Kisu cha daktari nacho hushuka wima katikati. Lazima vikutane, ndiyo maana wengi waliobadilishiwa goti hubaki na ganzi upande wa nje wa kovu. Ganzi hiyo si ugonjwa. Shida huanza neva iliyokatwa inapoota upya: nyuzi zake zikikosa pa kwenda, hujisokota ndani ya kovu na kufanya kinundu kiitwacho nyuroma. Goti likikunjwa, kovu linavuta, na kinundu kinapiga kelele.

Kukitambua ni kazi ya kidole na sindano. Daktari hugongagonga pembeni mwa kovu. Mgonjwa akishtuka kama amepigwa na umeme, hapo ndipo. Kisha huchoma mililita chache za lidokeini, dawa ya ganzi, kuzunguka neva hiyo, na mgonjwa hupanda ngazi na kukunja goti. Maumivu yakipungua zaidi ya nusu, neva imejitaja. Ila sindano isiingie ndani ya kiungo, maana itatia ganzi kila kitu na jibu litakuwa la uongo. Yasipopungua, kisu kiwekwe chini: tafuta kiungo kilicholegea, nyonga au uti wa mgongo.

Upasuaji wenyewe, wa kukata neva hiyo, husubiri angalau miezi 6, kwa kuwa maumivu mengi hutulia kadiri muda unavyopita, au kwa dawa za maumivu ya neva kama gabapentini au amitriptilini. Goti bandia halifunguliwi. Sehemu zinazouma huwekwa alama mgonjwa akiwa macho. Akishalala haziwezi kupatikana tena. Neva hutafutwa juu zaidi ya lilipo kovu, kwenye nyama isiyoguswa na kisu, hukatwa, na ncha yake huzikwa ndani ya msuli bila kuvutwa. Ikiachwa chini ya ngozi huenda ikaota nyuroma nyingine. Wapo wanaoiunga na neva ndogo ya msuli ili ipate kazi ya kufanya. Daktari Lee Dellon wa Marekani alieleza njia ya kukata neva hizi miaka ya 1990, akionyesha kuwa mara nyingi neva zinazohusika ni zaidi ya moja, za ndani na za nje ya goti. Nguvu ya mguu haipungui, ila eneo la ganzi hubaki daima.

Unyayo usipoinuka na vidole vikiburuza, hiyo ni habari nyingine. Neva ya peronea, inayozunguka mfupa mdogo upande wa nje chini ya goti, imebanwa au imevutwa. Hiyo haikatwi kamwe, hufunguliwa kinachoibana.