Swichi ya taa inapopata joto, kucheza au kutoa mlio: kagua haya kabla fundi hajafika

Swichi nyingi za taa majumbani zimetengenezwa kubeba ampea 10. Kwa umeme wetu wa volti 230, hizo ni wati 2,300. Balbu ya LED ya wati 9 huchukua takriban ampea 0.04 tu, kwa hiyo haiwezi kuipasha joto swichi isiyo na kasoro. Ukigusa kifuniko ukakikuta cha moto, tatizo liko nyuma yake. Kubadilisha swichi bila kulijua tatizo hilo ni kutupa fedha na kuiacha hatari palepale.

Anza na lililo rahisi. Taa isipowaka, weka balbu ambayo umeiona ikiwaka chumba kingine. Kama taa za nyumba nzima zimezima, angalia kwanza kama umeme wa LUKU umekwisha, kisha angalia sakiti breka ya taa. Breka hiyo ikijirudisha chini kila unapoipandisha, usiendelee kuilazimisha: kuna shoti mahali fulani, nayo inafanya kazi yake. Taa moja tu ikisumbua, na balbu ni nzima, hapo ndipo swichi na holda (kishikio cha balbu) vinaposhukiwa.

Sikiliza na unuse. Mwanga mdogo unaoonekana gizani ukiwa unabonyeza swichi ni wa kawaida, maana ncha zinagusana na kuachana. Mlio wa kukwaruza unaoendelea baada ya kubonyeza, harufu ya plastiki inayoungua au doa la kahawia kwenye kifuniko si vya kawaida. Ukikuta kimojawapo, zima meni swichi (ya umeme wa nyumba nzima) na usiitumie swichi hiyo ya taa tena mpaka ifunguliwe. Moto ukishawaka, zima umeme ukiweza kufika bila kujihatarisha, usimwagie maji, toa watu nje na upige 114 kwa Zimamoto.

Chanzo kinachoongoza ni skrubu iliyolegea. Waya usiobanwa vizuri hugusa shaba kwa sehemu ndogo tu, na hapo ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, huongezeka. Ukinzani wa nusu omu ukipitiwa na ampea 5 huzalisha joto la wati 12.5, na joto lote hilo linakaa kwenye skrubu ndogo kuliko punje ya mahindi. Shaba hupanuka ikipata joto na kusinyaa ikipoa, skrubu inazidi kulegea, na plastiki iliyo pembeni inageuka mkaa.

Lakini hizo ampea 5 zinatoka wapi, ikiwa balbu inatumia 0.04? Hili ndilo wengi hawalijui. Katika nyumba nyingi waya wa laivu, yaani unaoleta umeme, hufika kwenye swichi ya kwanza, ukabanwa pamoja na waya mwingine unaoendelea hadi swichi inayofuata. Skrubu hiyo moja basi hupitisha umeme wa taa zote za mbele yake. Mtu akija baadaye akavuta hapo waya wa soketi ya pasi au ya jiko la umeme, mzigo wote, yaani umeme unaotumiwa na vifaa hivyo, unapita kwenye swichi ya taa. Dalili yake ni wazi: swichi ina joto hata taa yake ikiwa imezimwa. Ukiona hivyo, mwambie fundi mapema ili atafute mzigo huo. Pasi ya wati 1,200 pekee huchukua zaidi ya ampea 5. Soketi za kuchomeka kwenye holda ya taa ni hatari ya namna hiyohiyo, tena holda nyingi ni dhaifu kuliko swichi yenyewe.

Hapa Dodoma kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni vumbi. Upepo wa kiangazi huliingiza ndani, na katika nyumba mpya swichi nyingi hufungwa kabla ya plasta na rangi kukamilika, mchanga na saruji vikabaki ndani ya boksi. Swichi inakwama, au inabonyezwa bila kugusa sawasawa. Usipulizie mafuta wala dawa ya wadudu kwenye nafasi zake. La pili ni mvua za kuanzia Desemba. Bati likivuja, maji hufuata paipu ya waya kutoka darini na kushukia kwenye boksi la swichi, mbali kabisa na pale panapovuja. Ukuta ukiwa na unyevu kuzunguka swichi, usiiguse. Zima meni swichi. Rekebisha paa kwanza, kisha boksi lifunguliwe na kukaushwa kabla ya kuwasha.

Balbu ya LED inayobaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa nayo inastahili kuangaliwa. Wakati mwingine ni kitaa kidogo cha swichi kinachopitisha umeme kiasi. Wakati mwingine swichi imefungwa kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laivu, na hapo holda inabaki na umeme hata ukizima. Anayebadilisha balbu anaweza kupigwa shoti akiamini amezima.

Kazi ya kufunga umeme hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Mwombe akuonyeshe leseni, kisha simama uangalie kazi. Kwanza azime sakiti breka ya taa. Kama breka hazina alama, azime meni swichi na kumwambia kila aliye nyumbani. Ajaribu testa (kipimo cha kuonyesha kama kuna umeme) mahali anapojua kuna umeme, kisha kwenye swichi, kisha arudi pale pa kwanza. Testa iliyoharibika haiwaki, na mtu hudhani hakuna umeme. Apige picha ya nyaya kabla ya kuzilegeza, hasa kwa taa ya korido au ngazi inayowashwa sehemu mbili, maana swichi yake ina nyaya tatu na ni rahisi kuzichanganya.

Waya uliokuwa mweusi kwa kuungua ukatwe hadi kwenye shaba inayong'aa, halafu utolewe ganda kama milimita 8. Ganda likibaki chini ya skrubu, skrubu inabana plastiki badala ya shaba. Likitolewa kupita kiasi, shaba inabaki wazi nyuma ya kifuniko. Baada ya kukaza, kila waya uvutwe kidogo kwa mkono. Boksi likiwa la chuma, liunganishwe na waya wa athi, yaani unaokwenda ardhini. Swichi mpya iwe na maandishi ya ampea 10 na volti 250 na alama ya ubora ya TBS.

Usikubali fundi akuwekee breka kubwa ili isikatike. Nyaya za taa za milimita za mraba 1.5 hulindwa na breka ya ampea 6 au 10. Ukiweka ya 32, waya unaweza kuungua ndani ya ukuta kabla breka haijakata.

Kazi ikikamilika, washa taa kwa saa moja, kisha gusa kifuniko kwa nyuma ya mkono mkavu. Washa pia vifaa vingine unavyovitumia jioni na ugusie tena. Kifuniko kikiwa na joto, mpigie fundi simu siku hiyohiyo arudi kukaza au kutafuta mzigo uliojificha.