Pilipili za rangi nyingi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mmea mmoja wa pilipili kali za rangi nyingi unaweza kuwa na matunda ya zambarau, njano iliyopauka, rangi ya chungwa na nyekundu kwa wakati mmoja. Anayeuona mara ya kwanza hudhani umeunganishwa na mingine, au kwamba kila rangi ni aina yake. Sivyo. Ni tunda lilelile katika umri tofauti. Likiwa changa hubeba anthosayanini, kundi lilelile la rangi linaloipa biringanya weusi wake. Linapokomaa, anthosayanini na klorofili, yaani rangi ya kijani ya mimea, huvunjika na rangi za karotenoidi huchukua nafasi: njano, chungwa, mwisho nyekundu. Kwa kuwa maua hayakufunguka siku moja, matunda nayo hayaivi pamoja.

Zambarau hiyo huhitaji jua. Tunda lililofichwa na majani mara nyingi hupauka au hubaki na upande wa kijani. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu muuza mbegu, tazama kwanza mmea wako umekaa wapi.

Dhana inayoharibu kazi ya msimu mzima ni hii: “Ukitaka mimea ya zambarau, chukua mbegu kutoka tunda la zambarau.” Mbegu za matunda yote ya mmea ule zina mama mmoja, na rangi ya siku ya kuchuma haibadilishi urithi wake. Isitoshe, tunda la zambarau bado ni changa na mbegu zake huenda zisiote kabisa. Subiri liwe jekundu kabisa na lianze kulainika. Na kama mbegu ulizonunua ni chotara, usitarajie watoto wafanane na mzazi.

Utasikia pia: “Nilipanda pilipili kali jirani na hoho, sasa hoho zangu zinawasha.” Nyama ya tunda hutokana na mmea mama, hata kama chavua imetoka kwa jirani. Mchanganyiko umo ndani ya mbegu, na utaonekana ukizipanda. Hoho inayowasha msimu huu ilitokana na mbegu iliyokwisha kuchanganyika. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, ila nyuki hawaulizi ruhusa. Anayetaka kutunza mbegu safi afunike maua kwa kitambaa chepesi cha wavu kabla hayajafunguka.

Kuhusu ukali, wengi hutoa mbegu wakidhani wamemaliza kazi. Kapsaisini, kemikali inayowasha, hutengenezwa kwenye utando mweupe unaoshika mbegu; mbegu zenyewe hupakwa tu kwa kuwa jirani. Toa utando. Wala wekundu si kipimo cha ukali, kwa sababu kapsaisini haina rangi. Mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville alipobuni kipimo chake cha ukali mwaka 1912, watu walionja maji ya pilipili yaliyozimuliwa mpaka muwasho usisikike, na rangi ya tunda haikuhusika.

Mbegu zikichelewa, watu husema ni mbovu. Mara nyingi ni baridi ya udongo. Pilipili huota vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, kwa wiki 1 hadi 3. Chini ya nyuzi 15, usizitarajie. Zifukie kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja. Haraka ya kumwagilia kila saa huleta kinyausi, ugonjwa wa miche: shina hunywea usawa wa udongo, na mche mzima hulala.

Baadaye huja imani ya mbolea, kwamba ikizidi ndivyo matunda yatakavyozidi. Naitrojeni nyingi huleta majani ya kupendeza na maua machache. Maua yakipukutika wakati wa joto kali, hata usiku, mbolea haitayarudisha.

La mwisho ni kwamba pilipili za mapambo ni sumu. Pilipili yoyote ya kweli huliwa, mradi haijapuliziwa dawa zisizoruhusiwa kwa chakula. Ukiotesha mwenyewe unajua ulichopulizia. Lakini upo mmea wa mapambo wa ukoo wa mnavu, *Solanum pseudocapsicum*, wenye vitunda vya mviringo vya rangi ya chungwa na nyekundu vinavyofanana na vipilipili. Huo una sumu kweli. Mche usiojua umetoka wapi, usionje tunda lake.