Hapana, hakuna aliyekukataza kusalimia

Juzi tena, kwenye semina ninayoendesha ya kuzuia unyanyasaji kazini. Nipo slaidi ya tatu, sijafika hata kwenye utaratibu wa malalamiko, mkono ukanyanyuka kule nyuma: "Kwa hiyo mwalimu, siku hizi hata kumwambia mtu amependeza ni kesi?" Ukumbi ukacheka. Sikushangaa, swali hili halijawahi kuvuka slaidi ya tano.

Si kesi. Sema "umependeza", endelea na kazi yako, hakuna atakayekuita mbele ya kamati. Ila muangalie anayeuliza. Hajawahi hata siku moja kumwambia mkurugenzi wake kwamba suruali ile imemkaa. Mpaka wenyewe anaujua vizuri sana. Anachoomba ni ruhusa ya kuuvuka anapoelekea kwa walio chini yake.

Kisha linafuata linalonichosha zaidi: "Nilikuwa natania tu." Hapa naomba tukae kidogo.

Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019, unataja mwenendo usiokubalika, uwe umetokea mara moja au umerudiwa, ambao unalenga, unasababisha au unaelekea kusababisha madhara. Isome tena hiyo "au". Nia ni mlango mmoja tu kati ya mitatu. Itazungumzwa tukifika kwenye adhabu, lakini haifuti kilichompata mwenzako.

Na Kiswahili kilishalimaliza hili kabla ya wanasheria: watu *hutaniana*. Ile -ana ya mwishoni haikuwekwa kwa urembo. Yeye amekutania lini? Kama huna jibu, basi hamtaniani. Unamtania, peke yako, kila asubuhi. "Lakini alicheka!" Alicheka, ndiyo. Mkataba wake wa ajira unausaini wewe. Ulitegemea afanye nini, apige filimbi?

Kwa upande mwingine, bosi kukudai ripoti uliyoichelewesha si unyanyasaji. Kukudai kwa matusi mbele ya idara nzima, hilo ni jingine. Tusonge. Sherehe ya mwisho wa mwaka, safari ya kikazi na kundi la WhatsApp la idara vyote ni kazini, usinibishie.

Zile video za mafunzo nazo! Mkosaji anaingia na muziki wake wa kutisha, mkono begani, jicho kama la fisi. Halafu jaribio: "Je, ni sawa kumshika mwenzako kiuno? (a) Ndiyo (b) Hapana (c) Ijumaa tu." Wote wanapata mia kwa mia. Niliokutana nao mimi kwenye mafaili hawakuwa na muziki. Mara nyingi ni yule anayependwa na ofisi nzima na anayeleta wateja wakubwa, ndiyo maana watu walinyamaza.

Sasa niseme ambalo kwenye slaidi halimo. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi za Faragher na Ellerth kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini, ilimpa mwajiri njia ya kujitetea katika baadhi ya kesi: aonyeshe, pamoja na mengine, kwamba alichukua hatua za maana kuzuia na kurekebisha. Mafunzo, kama ushahidi wa hatua hizo, yakageuka mwavuli wa mwajiri. Mwaka 2016 ripoti iliyotoka ndani ya tume ya nchi hiyohiyo inayosimamia usawa kazini ikakiri kwamba mengi ya mafunzo ya miaka 30 hayakuzuia kitu, kwa sababu yalijali mno kukwepa kesi. Mimi nalipwa kuushika huo mwavuli. Siku nyingine narudi nyumbani nikijiuliza kama nimemkinga mtu yeyote zaidi ya mwanasheria wa kampuni. Nikiwaona mameneja wanabishana kwa dhati, napata moyo. Nikiona watu wanabofya "Endelea" huku wanakula, moyo unaondoka.

Mkurugenzi aliyefungua semina ya juzi alisema yeye binafsi analipa jambo hili uzito mkubwa. Aliondoka dakika ya kumi. Kwenye karatasi ya mahudhurio amesaini asubuhi na jioni.