Cozy ya enzi za marufuku ya pombe Marekani ni story za aina gani hasa?

Ukisikia mtu anasema anasoma cozy ya enzi za Marufuku, anamaanisha riwaya ya upelelezi ambayo mtu kauawa ila damu huioni, anayechunguza sio polisi wala mpelelezi wa kulipwa bali mtu wa kawaida tu, labda mama mwenye duka la vitabu au mpishi wa hoteli au mjane anayepangisha vyumba, na yote yanatokea Marekani kati ya tarehe 17 Januari 1920 na 5 Desemba 1933, miaka ambayo pombe ilipigwa marufuku nchi nzima na katiba yenyewe.

Tuanze na hiyo cozy. Ni mji mdogo au mtaa ambao watu wote wanajuana, maiti inapatikana mapema, mambo ya kitandani yanaishia mlangoni, muuaji ni mtu ambae tushakunywa nae chai kurasa za mwanzo, na mwisho lazima ajulikane. Dalili zote anazoziona mpelelezi na wewe unaziona, ukishindwa kumjua muuaji shauri yako. Ni story za kusoma kabla ya kulala, sio za kukupandisha presha.

Sasa ukiongeza neno "ya kihistoria" maana yake kile kipindi kifanye kazi ndani ya story, kisikae tu kama pambo. Hapa ndo waandishi wengi wanabugi, mtu anaweka gauni la shanga, jazz kidogo na gari la Ford, anaona tayari kaandika 1925. Kipimo changu mimi ni kimoja, ukiiondoa marufuku je kesi bado inasimama? Kama inasimama basi hiyo ni cozy ya kawaida tu imevalishwa nguo za zamani.

Na ukweli ni kwamba hiki kipindi kinazibeba sana hizi story, kwasababu cozy yoyote ina maswali mawili yanayoisumbua siku zote: polisi wako wapi mpaka mama wa duka la vitabu ahangaike na maiti, na kwanini mtaa mzima unadanganya wakati muuaji ni mmoja? Marufuku inayajibu yote mawili bila kutoa jasho. Polisi wa mji wengine wanakula mlungula wa baa bubu, yaani baa za siri, wengine ni wateja, na maafisa wa serikali kuu wa kusimamia marufuku mwanzoni walikuwa kama 1,500 tu kwa nchi nzima yenye ukubwa ule. Na raia nao kila mtu ana chupa yake anaificha. Mchungaji, daktari, mwalimu, bibi wa kwaya, wote wanadanganya walikuwa wapi jana usiku ila wanaficha pombe, hawafichi mauaji, na kazi ya mpelelezi wetu inakuwa kuuchambua uongo wa kawaida mpaka abaki na uongo mmoja usioelezeka. Mtaa ukimwona afisa unanyamaza, ukimwona mama wa duka la vitabu unafunguka kwasababu na yeye wanajua ana mvinyo wake wa sherry chini ya kaunta.

Sheria yenyewe lazima uijue kidogo maana dalili nyingi zinatoka humo. Sheria ya Volstead ya 1919 ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe, haikukataza kunywa. Pombe uliyonunua kabla ya marufuku kuanza ruksa kuiweka nyumbani kwako ukanywa na wageni wako. Kwahiyo ukikuta kitabu mtu anakamatwa sebuleni kwake kisa ana glasi mkononi, mwandishi hakufanya homework. Halafu kulikuwa na wiski ya hospitali, daktari mwenye kibali anakuandikia cheti kwenye fomu ya serikali unaenda famasia unachukua pinti moja, kama nusu lita hivi, kila siku 10, yaani taifa zima ghafla likawa na mafua.

Chukua hili la chupa maana ndo aina ya dalili inayofaa. Wiski iliyohifadhiwa kwenye ghala linalosimamiwa na serikali ilikuwa inabandikwa mkanda mwembamba wa kijani juu ya kizibo, umeandikwa ilitengenezwa msimu gani mwaka gani, na ilifungashwa chupani lini. Sasa mzee tajiri anamwambia mpelelezi hii nilinunua kabla ya marufuku, ni ya kisheria kabisa, na kweli mkanda unasema imetengenezwa 1917, lakini mstari wa pili unasema imetiwa chupani 1925. Basi kishadanganya, hiyo imetoka famasia, kwahiyo kuna daktari au mfamasia anayemfahamu vizuri kuliko alivyosema, na hapo mpishi wa hoteli anaweza kuanza kuvuta uzi bila hata kumwona maiti.

Kuna na mambo ya vyumba vya siri. Mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox alitunga kanuni 10 za hadithi za upelelezi, mojawapo inasema chumba cha siri au njia ya siri isizidi moja. Mashabiki wa cozy wanaziheshimu hizo kanuni sana ila New York ya kipindi kile isingefaulu. Pale namba 21 mtaa wa 52 Magharibi kulikuwa na baa bubu iliyokuja kuitwa 21 Club, maafisa wakivamia rafu za baa zinapinduka chupa zinadondoka kwenye mfereji mpaka chini zinavunjika, na stoo ya mvinyo ilikuwa nyuma ya mlango wa matofali wa zaidi ya tani 2 unaofanana na ukuta, unafunguka ukichomeka waya mwembamba kwenye tundu husika tu. Kichekesho ni kwamba hiyo stoo ilikuwa chini ya jengo la jirani, namba 19, kwahiyo mfanyakazi akiulizwa kama humu ndani kuna pombe anajibu hakuna na hajasema uongo. Jibu kama hilo kwenye cozy ni dhahabu.

Sumu je? Serikali ilikuwa inatia methanoli kwenye spiriti ya viwandani ili watu wasiinywe, na kuanzia 1927 kiwango kikaongezwa, ila wauza magendo waliendelea kuiuza na watu wakafa, mpaka mkuu wa uchunguzi wa vifo wa New York, Charles Norris, akaisema serikali hadharani. Ni sumu ileile tunayoisikia kwenye chang'aa mbaya na gongo. Kwa muuaji wa kitabuni ni mteremko, marehemu anaonekana kalewa tu, madhara makubwa yanakuja baada ya masaa mengi, na kila mtu atasema masikini alikunywa kitu kibaya. Mpelelezi anabaki na swali moja, mbona waliokunywa chupa ileile ni wanne kafa mmoja?

Usizichanganye na story za Al Capone, bosi wa genge la Chicago, na yale mauaji ya Chicago ya siku ya Valentine 1929, watu 7 ukutani, hizo ni za magenge na bunduki. Kwenye cozy genge linapita nyuma tu, lori usiku, mtu mwenye suti asiyejulikana mjini. Hata maafisa wanaweza kuchekesha bila kutia chumvi maana Izzy Einstein, karani wa posta aliyegeuka afisa New York, alikuwa anatembea na faneli imeshonwa ndani ya mfuko wa kizibao, akiletewa kinywaji anamimina humo kinashuka kwenye chupa ya ushahidi.

Na tarehe ya mwisho usiikariri sana. Desemba 1933 ilifuta marufuku ya nchi nzima, majimbo yaliachiwa yaamue yenyewe, Mississippi ikakomaa na ya kwake mpaka 1966, kwahiyo cozy ya baa bubu ya mwaka 1950 inawezekana kabisa ukiiweka Mississippi.