Kishikwambi kilichopitwa na wakati: kipe kazi moja tu

Kishikwambi cha miaka 10 iliyopita ambacho bado kinawaka hakijazeeka chote kwa mpigo. Kioo mara nyingi ni kizima, spika zinatoa sauti, Wi-Fi inashika. Kilichozeeka ni uhusiano wake na intaneti: vyeti vya usalama (vinavyothibitisha kuwa tovuti ni halisi), kivinjari, duka la programu, na uwezo wa kufungua video za aina mpya. Ndiyo maana anayejaribu kukitumia kama kipya huchoka nacho haraka na kukirudisha kabatini. Mimi humwambia kila anayeniuliza akichagulie kazi moja, isiyohitaji intaneti au inayohitaji mtandao wa ndani ya nyumba tu, halafu aondoe mengine yote.

Jua kwanza kimekwama wapi

Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa, usome toleo la mfumo. Namba hiyo ina maana kuliko jina lililoandikwa mgongoni.

Kwa Android, mpaka wa kuangalia ni 7.1.1. Matoleo ya chini ya hapo hayautambui ISRG Root X1, mzizi (cheti kikuu kinachothibitisha vingine) wa Let's Encrypt, shirika linalozipa tovuti vyeti bure, na tovuti nyingi mno zinatumia vyeti vya Let's Encrypt. Njia ya muda iliyokuwa ikivisaidia vifaa hivyo ilikwisha tarehe 30 Septemba 2024. Tangu hapo, tovuti isiyo na kosa lolote inaweza kukupa onyo kwamba si salama. Firefox hubeba orodha yake ya vyeti, hivyo toleo lake la mwisho linalokubali mfumo wako linaweza kufungua kurasa zinazokataliwa na kivinjari kilichokuja na kifaa. Kabla ya kulaumu vyeti, tazama tarehe. Betri ikiisha kabisa, vifaa vingi hurudi mwaka wa nyuma sana, na kila cheti kikaonekana hakijaanza kutumika.

Mpaka wa pili ni Android 5. Kuanzia toleo hilo WebView, yaani kile kijenzi kinachochora kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine, husasishwa peke yake kupitia duka. Kwenye 4.4 kimefungamana na mfumo wenyewe, na tangu 2023 Google iliacha kutoa matoleo mapya ya huduma za Google Play kwa 4.4.

Upande wa iPad: iPad 2, iPad ya tatu na iPad mini ya kwanza ziliishia iOS 9. iPad ya nne iliishia iOS 10. iPad Air ya kwanza, mini 2 na mini 3 ziliishia iOS 12. Yenye iOS 12 bado ina maisha, ila yenye iOS 9 ihesabu kuwa ya kazi za ndani.

Kisha Wi-Fi. Ruta iliyowekwa WPA3, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, peke yake haitaunganishwa na Android ya chini ya 10 wala iOS ya chini ya 13. Iweke kwenye WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Vishikwambi vingi vya bei nafuu vya zamani vinashika masafa ya GHz 2.4 tu. Kama masafa hayo yamezimwa kwenye ruta, jina la mtandao halitaonekana kabisa na utadhani antena imekufa.

Kufuta kuna utaratibu wake

Wengi hurudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani kwanza, halafu ndipo wanagundua hawawezi kupata tena programu waliyoihitaji. Geuza utaratibu huo. Hakikisha kwanza kwamba programu ya kazi uliyoichagua bado inapatikana kwa toleo lako. Kwenye iPad ya zamani, App Store hukupa toleo la mwisho linalokubalika iwapo tu programu hiyo imewahi kuchukuliwa kwa Apple ID hiyo hiyo. Basi ichukue kwanza kwenye iPhone au iPad mpya zaidi yenye Apple ID hiyo, kisha nenda kwenye orodha ya ulizonunua katika ile ya zamani, uipakue hapo. Kwa Android, F-Droid, duka la programu huria, huweka matoleo ya zamani ya programu nyingi na huonyesha kila toleo linahitaji Android ipi.

Kisha ondoa akaunti kabla ya kufuta. Kwenye iPad zima Find My iPad na utoke kwenye iCloud. Kwenye Android ondoa akaunti ya Google katika mipangilio, halafu ufute kupitia mipangilio hiyo hiyo, si kwa kubonyeza vitufe wakati wa kuwasha. Tangu Android 5.1 kuna ulinzi unaodai akaunti ya awali baada ya kufuta kwa njia ya vitufe, na kama nenosiri lake limesahaulika kifaa hakifunguki.

Usiingize tena akaunti yako kuu. Kifaa kisichopokea marekebisho ya usalama hakifai kwa benki wala barua pepe. Fungua akaunti ya pembeni, au usiweke yoyote.

Betri ndiyo itakayoamua

Kazi nyingi za kishikwambi cha zamani zinakitaka kikae kwenye umeme muda wote, na hapo ndipo kinapouawa. Betri ya lithiamu inayoshikiliwa kwenye asilimia 100 huku ikipata joto huchakaa haraka, hutoa gesi na kuvimba. Dalili ni kioo kinachoanza kuachana na fremu, mgongo unaoyumba ukikilaza mezani, doa la mwanga kwenye skrini, au kitufe kilichokuwa laini kuwa kigumu. Ukiona mojawapo, chomoa, usichaji tena, usibonyeze mgongo ili urudi, na ukipeleke panapokusanywa taka za kielektroniki. Hapo hakuna kazi mpya ya kutafuta.

Kama betri ni nzima, chomeka chaja kwenye soketi ya saa, ile ya kupanga muda wa kuwasha na kuzima. Hesabu yake ni hii. Betri ya iPad 2 ilikuwa Wh (wati-saa, yaani wati mara saa) 25 ikiwa mpya, ya Nexus 7 ya 2012 ilikuwa Wh 16. Chukua ile ya Wh 25 na useme imebaki na 18. Kioo kikiwa nusu mwanga na Wi-Fi imewashwa, kadiria matumizi ya wati 4. Saa 2 bila chaja zitakula Wh 8, karibu asilimia 45. Chaja ya volti 5 na ampea 2 hutoa wati 10: toa 4 zinazotumika palepale, toa na zinazopotea kama joto, unabaki na kama 5 zinazoingia kwenye betri. Kwa hiyo saa 1 na dakika 45 za kuchaji zinatosha kurudisha kilicholiwa. Anza mzunguko betri ikiwa asilimia 75 hivi, angalia baada ya siku mbili inapanda au inashuka, uongeze au upunguze dakika 15. Usiku zima kioo na chaja vyote viwili.

Chaja ya simu ya zamani ya ampea 1 hutoa wati 5, na hesabu yote inavunjika: kioo kikiwaka, betri haipandi kitu au hata hushuka, ingawa alama ya kuchaji inaonekana. Waya mrefu na mwembamba huleta shida hiyo hiyo hata kwa chaja nzuri. Na mwanga wa kioo ndio mlaji mkubwa, kwa hiyo ukiupunguza umesaidia betri kuliko programu yoyote inayojiita ya kutunza betri.

Skrini ya ukutani

Hii ndiyo kazi ninayoipendekeza kwanza: ratiba ya familia, hali ya hewa, saa, au vidhibiti vya taa kwa wenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani. Siri ni kuiachia kompyuta kazi nzito na kukiachia kishikwambi kuonyesha tu. Tengeneza ukurasa mmoja wa HTML kwenye kompyuta inayokaa imewashwa, ingia kwenye folda yake kwa dirisha la amri (terminal) na uandike:

python3 -m http.server 8000

Kwenye kishikwambi fungua anwani ya kompyuta hiyo, mfano http://192.168.1.20:8000. Hapa hakuna cheti, hivyo tatizo la ISRG halikuhusu. Ndani ya kichwa cha ukurasa weka mstari huu, ili ukurasa ujipakie upya kila dakika 5:

<meta http-equiv="refresh" content="300">

Ukilazimika kutumia JavaScript, andika kwa mtindo wa zamani, "var" na "function". Safari ya iOS 9 haizijui alama za mishale za kufupishia "function", na kosa moja la namna hiyo husimamisha hati nzima bila kukuambia lolote. Kwenye ruta, ifungie kompyuta anwani yake isibadilike, la sivyo siku umeme ukikatika na kurudi ukuta utakuonyesha ukurasa mweupe.

Ili kioo kisizime kwenye Android, gonga namba ya muundo (Build number) mara 7 katika sehemu ya kuhusu kifaa. Itafunguka menyu ya wasanidi, na humo kuna swichi ya kuweka skrini macho wakati wa kuchaji. Kumbuka ni wakati wa kuchaji tu. Kwa kuwa soketi ya saa inakata umeme, utahitaji programu kama Fully Kiosk Browser, ambayo huzuia kioo kuzima hata kikiwa kwenye betri na pia hukifunga kifaa kwenye ukurasa mmoja. Kwenye iPad weka Auto-Lock kuwa Never, kisha washa Guided Access katika sehemu ya Accessibility. Ukibonyeza kitufe cha Home mara 3, kifaa kinabaki ndani ya programu moja hadi namba ya siri itolewe.

Fremu ya picha ni kazi ya aina hiyo hiyo, ila usimwage picha za simu jinsi zilivyo. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 inapofunguliwa hula takriban MB 48 za RAM, baiti 4 kwa kila pikseli, na programu ya slaidi kwenye kifaa chenye RAM ya GB 1 itajifunga baada ya picha chache. Zipunguze kwanza zilingane na kioo, kwa mfano 1280 kwa 800.

Maktaba na sinema bila intaneti

Programu ya Kiwix hufungua Wikipedia nzima kutoka kwenye faili moja la ZIM. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha ni takriban GB 100, haikufai. Tafuta faili lenye "nopic" kwenye jina, halina picha, au "mini", lenye utangulizi wa makala tu. Ya Kiswahili ni ndogo na huingia bila taabu. Kikwazo ni kadi ya memori: kadi iliyoumbizwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na vishikwambi vingi vya zamani havisomi exFAT. Likate faili kwenye Linux au Mac:

split -b 2000m wiki.zim wiki.zim

Utapata wiki.zimaa, wiki.zimab na kuendelea. Yaweke yote folda moja, ufungue lile la kwanza.

Kwa video, kifaa cha zamani hucheza vizuri kile ambacho chipu yake inakijua, nayo ni video ya aina ya H.264. Ukikipa HEVC, aina mpya zaidi, au video ya biti 10, processa ndiyo itakayobeba mzigo wote: picha zinakwamakwama, mgongo unachemka. Badilisha kwanza kwenye kompyuta kwa ffmpeg:

ffmpeg -i sinema.mkv -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -profile:v main -level 3.1 -pix_fmt yuv420p -crf 23 -c:a aac -b:a 128k -ac 2 sinema.mp4

Bila "yuv420p", video ya biti 10 inaweza kubaki hivyo au amri ikagoma. "-ac 2" hushusha sauti ya njia 6 kuwa 2, maana vishikwambi vingi vya zamani havina spika zaidi ya hizo. Kwenye iPad, VLC ina swichi ya kushirikisha kwa Wi-Fi: unafungua anwani inayoonyeshwa kwenye kivinjari cha kompyuta na kuburuta faili humo.

Nyingine, kwa ufupi

Skrini ya pili ya kompyuta: spacedesk kwa Windows inafaa kuweka hati au gumzo pembeni. Kwa Wi-Fi ya GHz 2.4 mshale utachelewa, tumia waya wa USB panapowezekana, na usitarajie video.

Noti za muziki na vitabu vya PDF: kioo cha inchi 10 kinatosha. PDF zilizoskaniwa hufunguka polepole, ziskani upya kwa nukta 150 kwa inchi, rangi ya kijivu.

Kamera ya kuangalia mlango: IP Webcam kwa Android hurusha picha kwenye port (namba ya njia ya mtandao) 8080 ya mtandao wa ndani. Nimeiweka mwisho makusudi, kwa sababu kurekodi mfululizo huku kikichaji ndiyo hali ya joto kali kuliko zote. Shusha hadi 640 kwa 480 na picha 10 kwa sekunde, zima kioo, tumia kamera ya nyuma, na usifungue port hiyo kwenye ruta ili ionekane kutoka nje.

Kubadilisha mfumo wenyewe kwa LineageOS, toleo huria la Android, kunawezekana ikiwa tu modeli yako kamili, hadi herufi ya mwisho, imo kwenye orodha yao. Modeli ya Wi-Fi na ile ya laini ya simu za jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti, na faili la moja likiwekwa kwenye nyingine kifaa kinaweza kisiwake tena. Kama modeli haimo, baki na mfumo uliopo.